Njoo Jumanne, Pasta



Neno la leo linaanza na toba yangu mwenyewe. Kuna dada katika kanisa letu ambaye nilimkosea mbele ya watu. Kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu, si haki nimwombe msamaha sebuleni kwake peke yake. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje jina.

Dada huyu alikuwa nguzo ya kwaya. Ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Siku za kesha alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kushika ufagio. Mwaka wa 2021 homa kali iliingia nyumbani kwake, ikawalaza wote. Wengine walipona baada ya wiki mbili. Yeye homa ilimwacha, lakini nguvu hazikurudi. Akaanza kukosa mazoezi ya kwaya. Akija ibada, anaketi wakati wengine wamesimama. Mara nyingine anaondoka kabla sijamaliza kuhubiri. Na ukimtazama huoni ugonjwa: nguo zimepigwa pasi, anatabasamu, anasalimia kila mtu.

Mimi niliona uvivu. Niliona mtu aliyepoa kiroho. Jumapili moja nikahubiri Mithali 6, habari za mvivu na chungu, nikasema kuna watu humu ndani walikuwa moto lakini siku hizi wanamsifu Mungu wakiwa wamekaa kama wageni wa harusi. Hakuna aliyeuliza namsema nani. Ijumaa iliyofuata dada alikuja kesha, akasimama, akaimba hadi alfajiri. Nikamshukuru Mungu kwamba neno limezaa matunda.

Wiki mbili zikapita bila kumwona. Nikampigia mume wake simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Pasta, wewe humwona mke wangu Jumapili. Njoo Jumanne."

Nikaenda Jumanne. Ilikuwa saa tano asubuhi na mapazia yamefungwa, kwa sababu mwanga ulimuumiza. Mama yake mzee alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Mwanamke niliyemwona akiruka mbele ya madhabahu hakuweza kuinua kichwa kutoka kwa mto. Ilinibidi niiname ndipo nisikie alichosema: "Pasta, mimi si mvivu."

Wapendwa, nimehubiri mazishi mengi, lakini maneno hayo manne yamenikosesha usingizi kuliko mazishi yoyote.

Baadaye nilijifunza kwamba hali yake ina jina. Ni ugonjwa wa uchovu sugu, ambao madaktari huuita ME/CFS. Shirika la Afya Duniani limeuweka miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa neva tangu mwaka wa 1969. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi ya virusi, na baada ya COVID-19 watu wengi wamebaki na dalili kama hizo. Huu si ule uchovu wako wa Ijumaa jioni. Mtu hulala saa nane na kuamka kama hakulala. Akili inaingia ukungu, hata jina la jirani linapotea. Kusimama tu kunaleta kizunguzungu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouonyesha, na mpaka sasa hakuna dawa inayouponya.

Alama yake kubwa ni hii: mgonjwa akipita kiasi cha nguvu alizo nazo, anaanguka. Na mara nyingi haanguki papo hapo. Anaanguka kesho yake au kesho kutwa. Ndiyo maana mimi niliona kesha, sikuona Jumanne.

Nikupe mfano unaoujua. Salio la M-Pesa likipungua, Fuliza inakulipia bidhaa dukani, nawe unaondoka ukitabasamu. Lakini pesa yoyote ikiingia kesho, Fuliza inachukua yake kwanza, pamoja na ada. Mgonjwa huyu akisimama kesha nzima, anafuliza nguvu. Sisi tunamwona dukani tu. Hatuko nyumbani deni linapokatwa. Na mwili unadai ada kubwa: usiku mmoja unaweza kulipwa kwa wiki nzima kitandani, na akizoea kufuliza hivyo, hali yake inaweza kushuka na isirudi pale ilipokuwa.

Kwa hiyo dada yetu amejifunza kuishi ndani ya salio lake. Nilimuuliza anafanyaje, na nataka uyasikie kwa sababu huenda una mtu kama yeye nyumbani.

Ana kigoda jikoni. Anamenya viazi akiwa ameketi, anakata sukuma akiwa ameketi. Maharagwe anayachemsha mengi mara moja, anayagawa, yanaliwa siku tatu. Maji hachoti kwa mtungi wa lita 20 tena. Vijana wanajaza vibuyu vya lita 5 na kuviweka mahali asipoinama sana. Anaoga akiwa ameketi, tena jioni, kwa sababu akioga asubuhi nguvu za siku zinaishia bafuni. Siku ya kufua si siku ya kupika. Siku ya kwenda hospitali hakuna jambo lingine.

Anapumzika kabla ya kuchoka. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu sisi tumelelewa kupumzika baada ya kazi kwisha. Yeye anafanya jambo kwa dakika kumi na tano, analala chali gizani bila simu, kisha anaendelea kama salio lipo. Siku akijisikia vizuri ndiyo siku ya hatari, maana ndiyo siku ya kutaka kumaliza kazi zote zilizolala. Ameandika kwenye daftari: "Siku nzuri usiile yote."

Na hesabu hiyo haihusu mikono peke yake. Kusahihisha madaftari, mkutano wa chama, ugomvi wa ukoo, wageni wanaokaa saa tatu kumfariji, vyote vinakata salio.

Sasa najua kuna anayesema, "Pasta, mtu anyanyuke, afanye mazoezi, mwili utazoea." Hata mimi nilimshauri hivyo, na kwa maradhi mengi ni ushauri mzuri. Kwa huu sivyo. Taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo huandika miongozo ya matibabu, ilibadilisha mwongozo wake Oktoba 2021: mgonjwa wa ME/CFS asipewe ratiba ya mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Badala yake asaidiwe kupanga matumizi ya nguvu zake.

Mwingine anasema, "Watu watajificha nyuma ya ugonjwa huu." Pengine mmoja atajificha. Lakini tofauti si ngumu kuiona ukikaa na mtu. Mvivu anaikimbia kazi, na akilazimishwa kuifanya, kesho yake anaamka salama. Dada huyu analilia kazi, na akiifanya, inamlaza. Heri nidanganywe na mvivu mmoja kuliko nimpige kwa Neno la Mungu mgonjwa mmoja.

Na kuna anayeuliza kuhusu imani. Mimi ni Mpentekoste. Naamini Yesu anaponya, nimeona akiponya, na namwombea dada huyu kila siku. Lakini kuomba uponyaji na kutunza nguvu zilizopo si maadui. Eliya alipoishiwa nguvu chini ya mretemu katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Katika Yohana 4, Bwana wetu mwenyewe alichoka kwa safari akaketi kisimani, wanafunzi wakaenda kununua chakula. Hakuona haya kuketi. Nguvu ni amana, na kwa yeye aliyepewa kidogo, kuitunza ile kidogo ni uwakili mwaminifu.

Lakini maandiko yaliyonivunja ni 1 Samweli 30. Daudi na watu wake 600 walirudi Siklagi wakakuta mji umeteketezwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki. Wakaondoka kuwafuata. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka mno, hawakuweza kuvuka. Walibaki na mizigo, 400 wakaendelea.

Ona kilichotokea njiani. Walimkuta kijana Mmisri kondeni. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki, na bwana wake alikuwa amemtupa kwa sababu aliugua. Siku tatu hakula wala kunywa. Daudi akamlisha kwanza, maswali baadaye. Na huyo mgonjwa aliyetupwa ndiye aliyewaonyesha adui alipo. Ushindi wote ulipitia kwa mtu ambaye mwingine alimwona hana faida.

Waliporudi na nyara, wengine wakasema wale 200 wasipewe kitu ila wake na watoto wao, kwa kuwa hawakwenda vitani. Daudi akakataa. Akaamua kwamba anayeshuka vitani na anayebaki na vyombo watapata fungu sawa. Wala hakuliacha liwe hisani ya siku moja. Alilifanya sheria katika Israeli.

Sikiliza, mpendwa. Daudi hakuwaita wale 200 wavivu, wala hakuwavutia ng'ambo ya kijito kwa nguvu. Aliwahesabu kuwa jeshi lake wakiwa wameketi. Kuna njia mbili za kumtendea mtu aliyeishiwa nguvu: njia ya Mwamaleki na njia ya Daudi. Mimi, nikiwa nimeshika Biblia mkononi, nilichagua ya Mwamaleki.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita nilimwomba dada msamaha mbele ya kanisa lote, na hivi ndivyo tumekubaliana. Hakuna mtu atakayelazimishwa kusimama ibadani. Aketi, asifu akiwa ameketi. Kesha na kufunga si kipimo cha kiroho kwa mgonjwa. Anayemtembelea apige simu kwanza, akae dakika kumi na tano, aombe kwa sauti ya chini, na kabla ya kuondoka aoshe vyombo alivyovikuta. Akina mama wa kanisa wanamfulia mara moja kwa wiki. Naye hajatoka katika huduma. Siku anazoweza, anatuma ombi la dakika mbili kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, na wengi wetu tunaamkia ombi hilo. Ana fungu lake, sawa na langu ninayeshika maikrofoni.

Kwako wewe unayesoma ukiwa kitandani: usifulize nguvu ili kumridhisha mchungaji. Nenda hospitali upimwe, kwa maana uchovu unaweza pia kutoka kwa upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingo au huzuni nzito, na hayo yana matibabu. Wakikuambia vipimo viko sawa lakini mwili unakataa, usikubali kuitwa mwongo. Rudi, uende na mtu anayeijua Jumanne yako, aeleze pamoja nawe.

Na kwako mtumishi mwenzangu: kabla hujamhubiri mtu kwa yale unayoyaona Jumapili, nenda Jumanne.

Tuombe. Baba, utusamehe sisi tuliowapiga waliokuwa wamechoka. Uwaguse wagonjwa wetu, uwaponye. Na wakati tunangoja, utufundishe kubaki nao kando ya kijito, na kuwapa fungu lao bila kuwapunja. Katika jina la Yesu.

Kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma, usimtumie ujumbe huu tu. Muulize ni kazi gani ya wiki hii unayoweza kumwondolea. Kisha rudi uandike AMINA.

Ni mimi mchungaji wako, ninayejifunza bado. Shalom.