Kompyuta Inapokupeleka Usikotaka

Mwezi huu tuzungumzie jambo linaloleta ugomvi katika nyumba zenye kompyuta. Mama anataka kujua namna ya kupika biriani ya kuku. Anaandika maneno yake, majibu yanatokea vizuri, anabofya jibu la kwanza, na badala ya mapishi unafunguka ukurasa wa kamari. Anarudi na kujaribu la pili. Anaangukia ukurasa mwingine wa kutafutia asioujua hata jina, umejaa matangazo. La tatu linamfungulia picha za aibu. Anaizima kompyuta upesi, moyo ukimwenda mbio, na swali linalomjia si la kompyuta tena: ni nani humu ndani anayetazama mambo haya?

Tunawaomba tusimame hapo kwanza, kabla baba watoto hajaitwa chumbani. Kurasa za namna hii zaweza kuja bila mtu yeyote kuzitafuta. Hata ile orodha ya kurasa zilizofunguliwa, yaani historia, haitoshi kuwa shahidi, kwa sababu ukurasa uliosukumiwa kwa nguvu huweza kuandikwa humo sawa na ule ulioufungua kwa hiari. Hatusemi kwamba hakuna waume wala vijana wanaotazama mambo hayo, wapo. Tunasema kwamba kompyuta iliyo mgonjwa isitolewe ushahidi dhidi ya mtu.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi huingia kwa mlango tuliofungua sisi. Kijana anatafuta mchezo wa bure au programu ya kupakua muziki, naye wakati wa kuiweka anabofya "endelea, endelea" bila kusoma. Ndani yake kumefichwa kijiprogramu kingine ambacho hujishikiza kwenye kivinjari, yaani ile programu tunayotumia kufungulia intaneti. Kazi yake ni kama ya mpiga debe wa stendi: wewe unataka basi la Arusha, yeye anakushika mkono na begi lako na kukupeleka kwenye basi linalomlipa.

Na malipo hayo si madogo. Novemba 2011 polisi wa Estonia walikamata watu 6 kwa ombi la shirika la upelelezi la Marekani, FBI. Watu hao walikuwa wamesambaza programu iliyoitwa DNSChanger, ikaingia katika kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Kila kompyuta inapotafuta tovuti huuliza kwanza anwani yake kwa mtambo maalumu, kama mgeni anayeuliza njia. Programu ile ilizifanya kompyuta ziulize kwa mitambo ya wezi, nayo ikawa inatoa majibu ya uongo. Aliyebofya tovuti ya ofisi ya kodi ya Marekani alipelekwa kwa kampuni ya biashara. Kwa njia hiyo na kwa matangazo ya kubadilisha, walivuna dola zipatazo milioni 14. Programu hiyo pia ilizuia kinga za kompyuta zisijiongezee nguvu mpya, na wenye kompyuta wengi hawakujua lolote kwa miaka.

Basi tufanyeje? Jaribio la kwanza halina gharama. Chukua simu inayotumia Wi-Fi ileile ya nyumbani, utafute kitu kilekile. Simu ikienda vizuri, ubaya uko ndani ya kompyuta. Simu nayo ikipotoshwa, na ya jirani aliyekutembelea pia, shuku ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti.

Kama ni kompyuta, anza na kivinjari. Katika Chrome bofya vile vidoti vitatu upande wa juu kulia, utafute orodha ya viendelezi, na uondoe kila usichokijua. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie mtambo wa kutafutia ni upi. Kama umebadilishwa, rudisha ule uliouzoea. Angalia pia tovuti zilizoruhusiwa kukuletea arifa. Wengi wetu tuliwahi kuambiwa "bofya Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", na matangazo hayajakoma tangu siku hiyo. Ukichoka kuchambua, kuna sehemu ya kurudisha mipangilio ya mwanzo. Usiiogope, haifuti nywila ulizohifadhi wala kurasa ulizoziwekea alama.

Halafu nenda kwenye orodha ya programu zote za kompyuta, uipange kwa tarehe, utazame zilizoingia siku zile shida ilipoanza. Windows 10 na 11 zina kinga yake iitwayo Microsoft Defender. Iamuru ikague kompyuta nzima, wewe ukaendelee na shughuli za jikoni, maana huchukua muda. Ikiwa kiendelezi ulichokifuta kinarudi kesho yake, pengine kinaletwa na akaunti yako kutoka kompyuta nyingine ya kazini au ya dada yako. Nako kunahitaji kusafishwa.

Ruta huhitaji kurudishwa ilivyotoka kiwandani na kupewa nywila mpya ya msimamizi, kwa kuwa ile iliyokuja nayo wezi wanaijua. Kabla ya kuigusa, andika mahali maelezo uliyopewa na kampuni ya intaneti, la sivyo nyumba nzima itakaa bila mtandao.

Jambo moja tunalisisitiza. Ukiona ukurasa unaopiga king'ora na kusema kompyuta yako ina virusi, piga simu namba hii, au pakua dawa hii, usipige wala usipakue. Ni mpiga debe yuleyule amebadilisha shati. Ukurasa ukikataa kufungika, zima kompyuta.

Siku zote hizo, mambo ya benki na ya kulipia ada yasifanyike kwenye kompyuta hiyo. Ikishapona, badilisha nywila zako kwa simu iliyo salama, ukianza na ya barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuzibadilisha zile nyingine zote.