MTU MMOJA ALIPOJICHAGUA

Wapo mabwana wapendao kutuimbia kwamba Bunge la Uingereza ni la watu tangu zamani, na kwamba kura ni zawadi ya waliostahili. Tuwaulize habari za Bute.

Bute lilikuwa jimbo la visiwa, magharibi ya Scotland. Kabla ya mwaka 1832 lilikuwa na watu kama 14,000. Wapiga kura je? Ishirini na mmoja! Na katika hao 21, mmoja tu ndiye aliyekaa huko. Tena halikuwa na mbunge katika kila Bunge. Lilipokezana na jimbo la Caithness, zamu kwa zamu.

Mwaka 1831 Francis Jeffrey, mwanasheria mkuu wa serikali kwa Scotland, alilieleza Bunge kisa cha uchaguzi mmoja wa Bute. Mbali na wasimamizi, alihudhuria mpiga kura mmoja tu. Akaita majina, akaitikia lake, akajichagua kuwa mwenyekiti. Kisha akajipendekeza, akajiunga mkono, akajipigia kura, akapita bila kupingwa!

Msicheke. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Kura ilikuwa ya mwenye hati ya ardhi itokayo moja kwa moja kwa mfalme. Makabaila wakajua kuitenga hati na shamba lenyewe, wakawagawia rafiki zao hati tupu za kupigia kura. Aliyelima na aliyevua samaki hawakuhesabiwa.

Je, makabaila waliona haya wakaacha wenyewe? Hata kidogo! Watu walikusanyika kwa maelfu, wakapeleka madai yao, ndipo sheria ikabadilishwa mwaka 1832. Hata hivyo iliwatazama wenye mali tu, wa nyumba au ardhi ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Wanaume wote walingoja mpaka 1918, mwaka ule ule Bute ilipounganishwa na Ayrshire ya Kaskazini. Wanawake hawakuwa sawa nao mpaka 1928.

Basi akija mtu kutuambia kwamba kura ni ya wenye mali au wenye elimu, kwa kuwa wengine hawajawa tayari, tumjibu hivi: wale 14,000 walikuwa tayari, waliofunga mlango ndio hawakuwa tayari kuufungua. Ukianza kuchagua nani anastahili kuchagua, mwisho wake ni mtu mmoja kujichagua mwenyewe.

Kura ni haki ya mtu kwa kuwa ni mtu. Basi!