Ukimya wa ofisi usigeuzwe ruhusa ya kukata mashamba

Mhariri,

Shamba la mahindi tunalopakana nalo hapa viungani mwa Eldoret lilivunwa Novemba. Kabla ng'ombe hawajamaliza mabua, vijana wa saveya walikuwa wameshasimika bikoni. Moja imekaa katikati ya kinjia ambacho watoto wetu hupitia kwenda shule, na ambacho maji ya mvua hukifuata kuteremka mtoni. Tulipouliza, tukaambiwa ramani ilishapita. Ilipita lini, na ni jirani gani aliyeitwa atoe maoni? Karani mmoja akatujibu kwamba tangazo lilibandikwa. Wapi, hakusema.

Sina ugomvi na mwenye shamba. Mzee ana haki ya kuuza kilicho chake, na anayenunua ploti ya 50 kwa 100 kwa mkopo wa sacco hajamkosea mtu. Wengi wetu tuliingia hapa kwa mlango huo huo. Ninacholalamikia ni jinsi ugawaji huu unavyopitishwa.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba ruhusa aujulishe umma na kuwaalika wenye pingamizi wapeleke hoja zao kwa waziri wa kaunti anayehusika. Hapo hatuna neno. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabu amekubaliwa. Nadhani shabaha ilikuwa kumwokoa mwananchi na maafisa wanaokalia faili. Matokeo yake ni kwamba faili likikaliwa kwa uzembe, au kwa chai, shamba linakatika lenyewe.

Jirani asiyeridhika naye ana siku 14 tu, tangu uamuzi utolewe, kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango. Uamuzi uliotokana na ukimya, siku zake zinaanza kuhesabiwa lini? Ukitaka nakala ya faili ujue unapinga nini hasa, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu. Yaani afisa anaweza kukujibu kwa wakati kabisa, bila kuvunja sheria yoyote, na bado ukakuta muda wako wa rufaa uliisha wiki moja iliyopita.

Sasa tuje kwenye hesabu za ploti zenyewe, kwa sababu madalali hutuambia eka moja inatoa ploti nane. Eka ina futi za mraba 43,560. Ploti nane za 50 kwa 100 zinakula 40,000. Ukizipanga nne kwa nne zikitazamana, kinachobaki katikati ni kinjia cha upana wa futi zisizofika 18. Hapo hujachimba mtaro, hujasimamisha nguzo ya stima, na lori la kunyonya choo likishaingia haligeuki. Uwanja wa watoto au nasari usivitaje. Ploti yenyewe ina upana wa takriban mita 15, na mtaa usio na bomba la maji taka kila mtu atachimba choo chake na kisima chake. Choo cha huyu kitakwepaje kisima cha yule? Swali hili lilipaswa kuulizwa mezani, kabla ya mhuri.

Tuliambiwa mambo yatabadilika baada ya Eldoret kukabidhiwa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji la tano la Kenya! Tulishangilia, mimi nikiwamo. Lakini Langas, ambako shamba la wanahisa liligeuka mtaa kabla ya mpango kufika, ipo hapa hapa, na yeyote anayetaka kujua gharama ya kutafuta barabara baada ya watu kujenga aende akaulize huko.

Tunachoomba si kikubwa. Tangazo la kugawa shamba lifungwe kwenye seng'enge ya shamba lenyewe, kwa Kiswahili, pamoja na mchoro unaoonyesha barabara na mkondo wa maji. Chifu alisome barazani. Tarehe ya uamuzi nayo ibandikwe pale pale, na siku 14 zihesabiwe kuanzia siku hiyo. Bunge la Kaunti ya Uasin Gishu linaweza kuyadai haya, na wabunge wetu wa kitaifa waiangalie upya ile kanuni ya siku 60.

Kuhusu shamba la jirani, bikoni ing'olewe kinjiani kabla masika hayajaanza. Kampuni inayouza imeshaanza kuleta wateja kwa matatu kila Jumamosi. Nawasihi wateja hao, kabla ya kulipa amana, wadai kuonyeshwa ramani iliyopitishwa na waulize maji ya mvua yatapita wapi, kwa sababu kwa bikoni zilivyo sasa yatapita sebuleni mwa atakayenunua ploti ya kona.

Jirani wa shamba,
Eldoret