Mgeni Kule, Mgeni Hapa

Wanachama wenzangu, leo nina dukuduku. Mjomba wangu alisomea Guangzhou, Uchina. Vijiti vya kulia alivizoea, hata kunywa maji moto wakati wa joto kali. Kilichomshinda ni macho ya watu. Ndani ya basi walimshika hata nywele! Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi mjini humo, Wakenya wakiwemo, walifukuzwa katika nyumba walizopanga. Huku Kisii sote tulikasirika.

Haya basi, juzi Mchina mmoja alifika sokoni kununua ndizi. Tukamzingira, "Mchina! Mchina!", wengine wakijifanya wanacheza karate. Bei nayo ikapanda maradufu. Mimi nilikuwemo, tena na sare ya shule mwilini. Kwa maoni yangu, hatuna mdomo wa kuwalaumu watu wa Guangzhou.

Yule bwana alilipa, akasema, "Asanteni," akaenda zake.