Omena ni ya Sahani, Si ya Bwawa

Wasee, tuache mchezo. Tilapia si simba. Huyu anakula mwani na mimea, na mafuta ya soya au alizeti yanamtosha vizuri. Sasa mbona tunasaga omena ya Ziwa Victoria tumlishe, halafu mama mtaani anakosa ya kuwapikia watoto?

Najua kuna mtu atasema mafuta ya mimea yanapunguza omega-3 kwa nyama ya samaki. Ni kweli. Si basi ule omena yenyewe!

Hapa Chepkoilel, Chuo Kikuu cha Eldoret kinafundisha ufugaji wa samaki. Mfugaji wa Uasin Gishu, ingia pale uulize kabla ununue chakula kingine cha omena. Bwawa lako lisishibe kwa njaa ya jirani.