Kushuka Lindoni kwa Heshima

Askari hujulikana kwa namna anavyopanda lindoni, lakini hujulikana zaidi kwa namna anavyoshuka. Anayetoroka zamu kabla ya wakati ni mkosaji. Anayekataa kumpisha mwenzake aliyekuja kumpokea naye ni mkosaji, ingawa huyu wa pili mara nyingi hujiona shujaa. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi habari za mtu ambaye alikuwa mtaalamu wa uchumi, wala hakujulikana kwa bunduki, lakini aliifahamu sheria hiyo ya lindo kuliko wengi wetu tuliovaa magwanda.

Mtu huyo ni Jens Otto Krag wa Denmark. Alizaliwa mwaka 1914 katika mji wa Randers, akahitimu masomo ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1940, mwaka ule ule ambao majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi yake. Wakati wa vita alitumika katika idara ya serikali iliyosimamia ugawaji wa bidhaa. Mwaka 1947 aliingia Bungeni na mara akateuliwa kuwa Waziri wa Biashara, akiwa na umri wa miaka 33 tu. Akapanda ngazi hadi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1958, kisha Waziri Mkuu tangu mwaka 1962 hadi 1968, na tena tangu Oktoba 1971.

Kazi kubwa aliyojitwika ilikuwa kuiingiza Denmark katika Soko la Pamoja la Ulaya. Nchi hiyo ndogo iliishi kwa kuuza siagi na nyama ya nguruwe kwa majirani wakubwa, na mtaalamu huyu aliona hatari ya kufungiwa nje ya masoko yao. Ombi la kwanza lilipelekwa mwaka 1961, sambamba na lile la Uingereza. Mwaka 1963 Ufaransa iliifungia Uingereza mlango, na Denmark nayo ikabaki nje. Krag hakukata tamaa. Tarehe 22 Januari 1972 alitia saini mkataba mjini Brussels.

Hata hivyo, saini haikutosha. Katiba ya Denmark yataka jambo kama hilo likubaliwe na Wabunge watano katika kila sita, au sivyo liamuliwe na wananchi wenyewe. Katika Bunge la watu 179, walioafiki walikuwa 141 na waliopinga 34. Basi wananchi wakaitwa. Wiki moja kabla yao, jirani zao wa Norway walikuwa wamelikataa Soko hilo, na Waziri Mkuu wao, Trygve Bratteli, akaondoka madarakani kwa kuwa alishindwa. Tarehe 2 Oktoba 1972 Wadenmark walipiga kura, na zaidi ya asilimia 63 wakakubali. Krag alikuwa ameshinda.

Kesho yake alisimama Bungeni akatangaza kwamba anajiuzulu. Wengi walipigwa na bumbuwazi. Alikuwa na umri wa miaka 58, na ushindi ulikuwa bado mbichi mkononi. Aliyeshika nafasi yake ni Anker Jørgensen, yatima aliyelelewa na jamaa zake, mtu aliyewahi kufanya kazi ghalani kabla ya kuongoza chama cha wafanyakazi. Msomi wa Chuo Kikuu alimpisha mfanyakazi wa ghala, wala makabidhiano hayo hayakuhitaji risasi hata moja.

Wako watakaosema kwamba Krag aliukimbia mzigo. Ni kweli kwamba katika uchaguzi wa Desemba 1973 chama chake kilianguka kutoka viti 70 hadi 46. Lakini makabidhiano mema hayaahidi usiku mtulivu kwa anayepokea zamu. Yanahakikisha tu kwamba yupo mtu lindoni, na kwamba anajua lindo ni lake. Jørgensen alirudi madarakani mwaka 1975, akaongoza hadi 1982.

Somo hili latuhusu sisi. Afrika imewaona askari walioahidi kushika nchi kwa miezi michache, wakaishika kwa miaka, hata wakaondolewa na askari wenzao. Wala ugonjwa huo hauanzi Ikulu. Huanzia kwa sajini anayeficha maarifa ya ghala la silaha ili asiweze kubadilishwa. Huanzia kwa mkuu wa kituo anayehamishwa, akaondoka bila kumweleza mrithi wake kesi zilizomo kitabuni. Huanzia kwa afisa aliyestaafu, ambaye bado ataka vijana wampigie saluti kana kwamba cheo kilizaliwa naye.

Cheo ni dhamana. Aliyepewa dhamana hana budi kuirudisha ikiwa kamili, tena kwa mkono wake mwenyewe. Basi kila mmoja wetu ajiulize usiku wa leo, kabla ya kuzima taa: nikiitwa kesho kukabidhi, ni nani niliyemfundisha kazi yangu? Asiye na jibu, na aanze kufundisha kesho asubuhi, mara tu baada ya gwaride.