Presha Iliyotangulia Mimba

Wakunga wetu humtuliza mama kwa kumwambia kuwa mimba si ugonjwa. Ni kweli, na tusingependa neno hilo lipotee. Ila wanawake wanaoshika mimba wakiwa tayari na presha, kisukari au ugonjwa wa moyo wanazidi kuongezeka. Wamo pia mabinti wenye selimundu, ambao zamani wengi wao hawakufika umri wa kuzaa. Hao ni furaha yetu, na ni dhamana tuliyopewa.

Sababu mojawapo ya ongezeko hilo iko kwenye mizani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliwakuta wanawake 22 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wakiwa na uzito uliopita kiasi. Ule wa 2015-16 ukakuta 28.

Kinachoniuma zaidi ni wakati wa kupima. Katika utafiti huo wa pili, wajawazito 24 tu kati ya 100 walifika kliniki kabla ya mwezi wa nne. Na presha ya mjamzito kwa kawaida hushuka kidogo kuelekea katikati ya mimba. Mwenye presha ya zamani akija mwezi wa tano, huenda akaonekana mzima, muuguzi akaandika hivyo kwenye kadi, mama akarudi nyumbani ametulia. Mwezi wa nane presha inapanda, nasi tunasema mimba ndiyo imeileta. Kumbe zile wiki ambazo aspirini ya dozi ndogo ingempunguzia hatari ya kifafa cha mimba zilishapita. Kwa mwenye kisukari wakati wa kuchukua hatua ni mapema zaidi: moyo na uti wa mgongo wa mtoto, ambavyo sukari iliyopanda yaweza kuvidhuru, huumbika ndani ya wiki nane za mwanzo, pengine mama hajajua hata kama ana mimba. Na enalapril, dawa ya presha inayomezwa na wengi, yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye kuitumia alipaswa kubadilishiwa mapema.

Ndiyo maana toleo hili linaanzia kabla ya mimba. Mwanamke huyu tunaye tayari: amekuja kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, amekuja kumpima mwanawe uzito. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, kilo zinasomwa kwa sauti, kadi inajazwa, anaitwa mwingine. Mama aliyemleta anaondoka bila mtu kumfunga mkanda wa presha mkononi.